Mikono Baada ya Kunawa

Usinuse sahani. Naanza na hilo kwa sababu najua mtanusa. Nawafahamu vijana wa maabara: kifuniko kikiinuliwa tu, pua imefika kabla ya macho. Bwana Mutiso, mkuu wangu wa kwanza katika maabara ya hospitali moja mjini Kisumu ambayo jina lake nitakaa nalo mwenyewe, alitukataza kunusa kwa ukali wa mwalimu wa hesabu. Halafu akigeukia dirisha unamwona yeye mwenyewe ameinua sahani, amefumba macho. Hii inanuka zabibu, anasema. Hii inanuka panya. Hii ni ya yule mzee wa kidonda cha mguu. Hakuwa akikosea, lakini alistaafu na kikohozi ambacho mimi sikukipenda hata kidogo.

Kwa yule ambaye hajaingia kazini bado, sahani ni kisahani cha plastiki chenye chakula cha bakteria kilichoganda kama uji uliolala. Unapaka juu yake damu au usaha wa mgonjwa, unakiweka mahali pa joto, na kesho yake unatazama kilichoota. Siku zetu chakula kile tulikipika wenyewe, na damu ya kukichanganya tuliitoa kwa kondoo aliyefungwa nyuma ya maabara. Kondoo yule alikuwa na cheo kutushinda sisi. Akiugua yeye, kazi yote inasimama. Siku moja alikata kamba, akatembea zake hadi Milimani, akaingia uani kwa bwana mmoja mkubwa na kumaliza maua yote ya mkewe. Mlinzi wa pale alitupigia simu kuuliza kama tunamtaka kondoo wetu au twende tukamsaidie kumla. Tulimrudisha, na sahani za wiki ile ziliota vizuri kuliko zote. Bwana Mutiso akasema ni maua ya Milimani.

Nacheka, lakini sikukaa kuandika ili niwachekeshe. Nimestaafu, magoti yananiuma, mpango wangu ulikuwa kufuga kuku na kugombana na majirani juu ya mpaka. Badala yake naogopa. Nimeogopa miaka mingi sasa, na ningependa nanyi muogope mapema, mkiwa bado na nguvu za kufanya jambo.

Juu ya sahani huwa tunaweka vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Dawa ikiwa na nguvu, bakteria hawathubutu kuota karibu na karatasi, unaona duara safi. Nilipoanza kazi maduara yalikuwa mapana hadi yanagongana. Mwaka baada ya mwaka yakawa yanajikunyata. Watu wetu walikuwa wakinunua dawa za rangi mbili kwenye vibanda vya Nyalenda, vidonge viwili leo, kimoja maumivu yakirudi, kilichobaki anapewa jirani. Wenye kuku waliwawekea kuku kwenye maji. Sisi wa hospitali nasi hatukuwa malaika, maana daktari mwenye foleni ndefu anaandika dawa kali kabla sampuli haijafika kwetu. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na ukimsikiliza unaona ni sababu nzuri.

Halafu asubuhi moja nikafungua sahani isiyokuwa na duara hata moja. Bakteria walikuwa wameota mpaka ukingoni mwa kila karatasi, wengine wamepanda juu yake. Nikasema karatasi zimeharibika. Nikafungua pakiti mpya, nikarudia, nikapata vilevile. Kijidudu chenyewe ukikigusa kwa waya wa kuchotea kinavutika, uzi mrefu wa utelezi, kama ile mboga ya mrenda tunayoita apoth. Vitabuni kinaitwa Klebsiella. Sisi tulikiita Apoth, na tangu siku ile sijakula mboga hiyo kwa raha, mimi mtu wa Asembo niliyelelewa nayo. Shikeni hili: ukiona jambo linalokutisha, rudia kipimo kwanza. Likirudi vilevile, usilale nalo.

Baadaye akaja Njoki. Wazazi wake ni wafanyabiashara kutoka Nyeri waliohamia Kisumu kabla hajazaliwa, na Kiluo chake kina methali nyingi kuliko changu. Alikuja na kimashine kidogo, simu ya kubonyeza ni kubwa kukishinda, akakichomeka kwenye kompyuta na kuniambia kwamba kitasoma herufi zote za ndani ya kijidudu, mwanzo hadi mwisho. Mimi nilikuwa nimewahi kuona mashine nyingi zikiletwa kwa picha na hotuba, kisha zinafunikwa kitambaa zikisubiri fundi kutoka Nairobi. Nikamwuliza hizo herufi zitatufaa nini, ikiwa sahani imeshatuambia dawa hazifanyi kazi.

Akanijibu, "Mama, mgeni akiingia kwako si unamwuliza ni mtoto wa nani? Na mimi nataka kuwauliza hawa."

Kumbe ndivyo. Sahani inakuambia mwizi ana nguvu kiasi gani. Kimashine cha Njoki kinakuambia ametoka boma gani, ndugu zake ni kina nani, na ni nani aliyemzaa nani. Bakteria akizaa, herufi chache hubadilika, na kwa mabadiliko hayo unaweza kufuata ukoo. Wagonjwa wawili wakiwa na vijidudu wa ukoo mmoja wa karibu, basi mmoja amempa mwenzake, au wote wawili wamepewa na kitu kimoja. Nilikuwa nimefanya kazi muda mrefu bila kujua swali hilo linaweza kuulizwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo uoga wangu ulipopata jina la mtu.

Binti yangu wa mwisho, Akinyi, ameolewa Kombewa. Mimba yake ya kwanza ilimletea shida, akaletwa mjini, akajifungua mapema mno katika hospitali ileile niliyofanyia kazi. Mtoto wa kike, Awuor. Alikuwa mdogo, ngozi yake unaona mishipa, akalazwa wodi ya watoto wachanga ndani ya kisanduku cha joto chenye vitundu viwili vya kuingizia mikono. Nilishukuru Mungu kwamba yuko karibu na mimi. Nilikuwa nikipita kumwona kila asubuhi kabla ya kuvaa koti langu.

Wiki hiyohiyo damu ya mtoto mmoja wa wodi ile ikaota Apoth. Bila maduara, isipokuwa duara moja jembamba kuzunguka dawa ya mwisho kabatini, dawa ambayo madaktari huiogopa kwa sababu inaweza kuharibu figo. Akafuata mtoto wa pili. Akafuata wa tatu. Njoki aliwasoma vijidudu wa wote watatu, kisha akaja kusimama karibu na meza yangu bila kukaa. Aliniambia ni wa tumbo moja. Hawafanani na wale wa wodi za watu wazima, wala na wa chumba cha upasuaji. Hakuna aliyewaleta kutoka nje. Wamezaliwa mlemle ndani ya wodi, na wanaendelea kuzaliwa.

Wodi ile iliongozwa na Sista Peris, na sijawahi kuona mwanamke msafi kama yeye. Kucha zake zilikuwa fupi kama za mtoto wa shule ya bweni. Hakuna mama aliyemgusa mwanawe bila kupita kwenye sinki, akanawa hadi kwenye kiwiko huku Sista amesimama nyuma yake. Hata daktari mkuu alinaweshwa. Tulipomwambia kwamba chanzo kimo ndani ya wodi yake, alikaza mdomo akasema tupime chochote tutakacho, hata yeye mwenyewe.

Tukapima. Tulipangusa kwa vijiti vya pamba visanduku vya joto, vitasa, mifereji, vikombe vya maziwa, mizani, magodoro na simu za manesi. Hatukupata kitu. Akinyi akawa ananiuliza mbona naingia na kutoka wodini na vijiti, nami nikamwambia ni ukaguzi wa kawaida. Nilikuwa nikimtazama mjukuu wangu kifua kinavyopanda na kushuka, na ninajua kuna kitu chumbani mle kinatembea, na sijui kinatembea kwa miguu gani.

Ikabaki mikono. Kawaida ya kazi hii ni kupima mikono ya nesi kabla hajanawa, uone anabeba nini. Njoki, sijui kwa nini, alipima kabla na baada. Labda ni ujana tu, vijiti vilikuwa vingi. Kesho yake nikafungua sahani hizo. Za kabla ya kunawa zilikuwa na vijidudu vya kawaida vya ngozi, vile ambavyo kila mmoja wetu anavyo. Za baada ya kunawa zilikuwa na Apoth.

Nikajua amebadilisha lebo. Nilimkaripia vikali, nikamrudisha wodini, safari hii nikaandamana naye na kuandika lebo kwa mkono wangu. Siku iliyofuata nikafungua. Kabla, safi. Baada, Apoth, anang'aa, na nilipomgusa kwa waya akavutika. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema kila siku bila kufikiri. Wale manesi walikuwa wakienda kwenye sinki wakiwa wasafi na kuondoka naye mikononi.

Ilikuwa saa ya kunyonyesha. Sikupiga simu, sikuvua glovu, nilikimbia kwenye ukumbi na magoti haya. Nilipoingia, Akinyi alikuwa ametoka kwenye sinki, mikono ameiinua mbele kama alivyofundishwa, povu bado liko kwenye viwiko, anaelekea kwenye kile kisanduku.

"Akinyi, usimguse mtoto."

"Mama, si nimenawa?"

Nilimshika vifundo vya mikono na kumvuta nyuma, na povu likawa linateleza kati ya vidole vyangu na vyake. Wamama wengine walisimama na maziwa yao kwenye vikombe. Sista Peris alinitazama, akatazama sinki, akaelewa bila mimi kutamka neno. Alifunga mfereji. Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akaiweka mikono yake mapajani na kuitazama, na mpaka leo uso ule ukinijia naacha ninachofanya.

Apoth tulimkuta kwenye sabuni ya sinki, lakini sabuni yenyewe haikuwa na kosa ilipokuja. Wamama wa kanisa moja walikuwa wakiitengeneza kwa ndoo, wakaitoa bure kwa wodi kwa upendo wao, na tulipopima ndoo yao haikuwa na chochote. Kosa lilikuwa letu la nyumbani, lile ambalo kila mmoja wenu amelifanya. Sabuni ikipungua mtungini, unaongeza maji kidogo ifike mwisho wa wiki. Nyingine ikija, unaimimina juu ya ile iliyobaki. Katika nyumba zetu chombo kukauka ni aibu, mama mwenye nyumba anahakikisha kimebaki kitu chini. Mtungi ule wa wodi haukuwahi kukauka wala kuoshwa ndani. Manesi wapya walirithi mtungi kutoka kwa manesi waliotangulia, na pale chini, kwenye sabuni iliyozimuliwa hadi ikakosa nguvu, Apoth alijenga. Njoki alimsoma yule wa mtungini. Ndiye aliyekuwa mama yao wote.

Kwa hiyo kijana, usiongezee sabuni. Iishe, osha chombo, kikauke kabisa, ndipo ujaze. Kama hakuna kingine, sabuni ya mche iliyokatwa vipande vidogo ni bora kuliko mtungi uliojaa. Na ukipima mikono, pima na baada. Tulimwaga mtungi siku ileile, tukaleta spiriti ya mikono, na watoto wapya wakaacha kuugua. Wengine waliokuwa wameshaugua hawakurudi nyumbani. Sitawahesabu hapa, mama zao wanawajua.

Awuor alipata homa kabla wiki haijaisha. Tulikuwa tumechelewa kwake. Sampuli ya damu yake ililetwa kwangu na mhudumu ambaye hakujua ni ya nani, akaiweka juu ya meza pamoja na nyingine. Njoki alitaka kuichukua, nikamkatalia. Niliipanda mwenyewe, na kesho yake niliifungua mwenyewe, na nilijua kabla waya haujaigusa. Duara moja jembamba, kwenye ile dawa ya figo. Daktari alimweleza Akinyi hatari zake zote kwa upole, Akinyi akanigeukia, nami nikasema wampe. Sijawahi kusema neno lililoniogopesha kiasi kile. Tulikaa tukihesabu nepi zilizolowa kama watu wengine wanavyohesabu mavuno, maana nepi iliyolowa ni figo inayofanya kazi. Zililowa. Akapona.

Mnaweza kufikiri hapo ndipo ninapowaaga. Ningependa iwe hivyo.

Awuor alikua Kombewa, mwenye mbio, mwenye mdomo, anamfukuza jogoo wangu hadi jogoo anaomba msamaha. Njoki aliniomba ruhusa ampime kinyesi, kwa sababu vijidudu hivi vikishaingia tumboni vinaweza kukaa humo muda mrefu bila kumuumiza mtu. Nilikubali nikitumaini atanipa habari njema. Alinipigia simu, akanisalimu kwa urefu, akauliza kuku, akauliza mvua, na kwa urefu huo wa salamu nikajua. Apoth alikuwa bado yumo, wa ukoo uleule, amebadilika herufi chache. Na katika herufi hizo chache alikuwa amejifunza kuishinda dawa ya figo. Maana yake ni kwamba mtoto mzima, anayeruka kamba, anatembea na kitu ambacho kikiingia kwenye damu yake kabati halina jibu. Akikwaruzwa goti, mimi nimeshafika na spiriti. Mama yake anasema nimekuwa kama polisi.

Kisha kitovu chake kikaanza kuvimba. Ngiri, wakasema, inahitaji kushonwa kabla haijamletea shida kubwa. Kupasuliwa ni kufungua mlango wa ngozi, na nyuma ya mlango ule, tumboni, mnajua ni nani anayeishi. Kutomfanyia ni hatari, kumfanyia ni hatari. Tulimpeleka hospitali nyingine kando ya ziwa, nayo pia siitaji. Tukiwa kwenye benchi ya kungojea kuandikishwa, Akinyi aliniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni lazima tuseme.

Nilimwelewa. Akishasema, mtoto atatengwa. Manesi watavaa magauni na glovu kumpa hata maji, wamama wa wodi watauliza ana nini, na mtu wa Kombewa akiuliza hospitalini, kufikia jioni soko zima lina jibu. Akinyi alisema, "Mama, watamwogopa mtoto wangu." Nilimwambia na mimi namwogopa, na ninampenda, na vyote viwili vinakaa. Nikamkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Akalia kidogo, akapangusa uso, na nesi kijana aliyeitwa Lilian alipouliza kama mtoto amewahi kulazwa, Akinyi alimwambia kila kitu, mpaka jina la kijidudu.

Yakawa yaleyale tuliyoyaogopa. Chumba cha peke yake mwisho wa ukumbi. Magauni, glovu, vyombo vyake mwenyewe. Mama mmoja alimvuta mwanawe akajibanza ukutani Awuor alipopitishwa. Awuor, ambaye huniita Dani, yaani bibi, aliniuliza, "Dani, nimefanya makosa gani?" Nikamwambia hakuna, na nikatoka nje kidogo kwa sababu uso ulikuwa unanisaliti. Walimpasua wa mwisho siku ile, baada ya wengine wote, ili chumba kisuguliwe nyuma yake. Halafu tukakaa kungojea homa. Kila Lilian alipoingia na kipimajoto mimi nilikuwa nimesimama tayari, natazama uso wake kuliko kipimo. Homa haikuja. Kidonda kilikauka. Awuor akaanza kudai samaki wa kukaanga.

Siku ya kutoka, Lilian alikuja kukusanya mashuka, nami nikamshukuru, nikamwomba radhi kwa usumbufu wote tuliowaletea. Akasema wao ndio wa kushukuru. Si zamani sana walimpokea mtoto mwingine aliyezaliwa katika wodi ile ya mjini. Mama yake alikuwa ameambiwa mwanawe anabeba nini, lakini aliona aibu, akanyamaza, nao wakamlaza wodini pamoja na wenzake. Walikuja kujua baadaye, sampuli ilipofika kwa Njoki na Njoki akaona ni ukoo uleule.

Nikamwuliza mtoto huyo yuko wapi sasa.

"Huyo alienda nyumbani mzima, Mama," akasema, akiendelea kukunja shuka. "Tuliyempoteza ni wa kitanda cha kando."